Siku Moja Iskandaria na Mwongoza Watalii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatana na ndugu zetu wa Afrika Mashariki kwenda Iskandaria: wazazi waliokuja kuwatembelea watoto wao wanaosoma Kairo, wafanyabiashara waliobakiwa na siku moja kabla ya ndege, vikundi vya msikiti na vya kanisa. Mimi ni mwenyeji wao na mkalimani. Kazi ya kueleza mambo ya kale anaifanya mwongoza watalii Mmisri mwenye leseni. Maswali yanayonifikia yamekuwa yale yale, basi nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa.

Iskandaria na Aleksandria ni mji mmoja?

Ni mmoja. Waarabu huuita Iskandariya na watu wetu wa pwani wamelizoea jina hilo, ila kwenye tiketi ya treni na ramani za simu utasoma Alexandria. Jina limetokana na Aleksanda Mkuu aliyeuanzisha mwaka 331 KK. Kwa karibu miaka 1,000 ulikuwa ndio makao makuu ya Misri, hadi Waarabu walipoingia karne ya 7 wakajenga makao mapya mahali ambapo leo ni Kairo.

Siku moja inatosha?

Inatosha kwa vituo vitano, na ukitaka kufurahia, vinne. Wengine hutuletea orodha ya vituo kumi walivyoviona mtandaoni. Hapo hukataa, maana najua watashinda ndani ya gari. Barabara ya ufukweni, wanayoiita Kornishi, ni ndefu, yapata kilomita 20, na saa za mchana magari husogea kwa kusitasita. Kasri na bustani za Montaza ziko mwisho kabisa wa mashariki, ngome ya Qaitbay iko magharibi. Mwenye siku moja achague upande wa magharibi na wa katikati, Montaza aiache kwa safari nyingine.

Kwa nini nilipe mwongoza watalii? Si nitaangalia mwenyewe?

Swali hili huulizwa na vijana zaidi, na nalijibu kwa urefu kila mara kwa sababu nimewaona waliozunguka peke yao wakarudi wakisema, "Mbona hakuna kitu?"

Giza penye piramidi na Luxor penye mahekalu ya kale, kitu kinasimama mbele yako na ukubwa wake unajieleza. Iskandaria si hivyo. Mji wa kale ulilaliwa na mji wa sasa. Sehemu nyingine, pamoja na mtaa wa majumba ya wafalme alikoishi malkia Kleopatra, zilididimia baharini kwa matetemeko na kwa ardhi kushuka. Mnara wa taa umevunjika, maktaba imepotea, kaburi la Aleksanda halijulikani lilipo. Minara miwili ya mawe iliyokuwa ufukweni, ile inayoitwa Sindano za Kleopatra, mmoja umesimama London tangu 1878 na mwingine New York tangu 1881. Kwa hiyo unaonyeshwa ukuta, shimo, nguzo moja, na lazima awepo mtu wa kukujengea mji kwa maneno.

Chukua mfano wa Kom el-Dikka, karibu na stesheni kuu. Watu huja kuona ukumbi wa Kirumi wenye ngazi za marumaru za kukalia, wanapiga picha, wanaondoka. Mwongozaji mzuri atakuvuta pembeni akuonyeshe vyumba vilivyopangana, kila kimoja na mabenchi ya mawe kutani na kiti kimoja kilichoinuliwa mwisho. Yale ni madarasa! Wanaakiolojia wa Poland waliofukua hapo tangu mwaka 1960 wamepata kama 20. Karne ya 6 vijana walikaa kwenye mabenchi hayo wakimsikiliza mwalimu. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Morogoro alikaa kwenye kiti kile cha juu akanyamaza muda mrefu, nasi tukamwacha. Bila maelezo angepita tu kama waliotangulia.

Hakikisha mwongozaji wako ana kitambulisho cha wizara ya utalii na mambo ya kale. Wengi huvaa shingoni. Atakayekufuata mlangoni akijiita mwongozaji bila kitambulisho, mshukuru kwa upole uendelee.

Tunafikaje kutoka Kairo?

Kwa treni kutoka stesheni ya Ramses au kwa gari kupitia barabara ya jangwani. Ni zaidi kidogo ya kilomita 200. Treni ya haraka huchukua saa mbili na nusu hivi, gari kama saa tatu. Kwa watu wawili au watatu nashauri treni. Reli hii ilifika Kairo mwaka 1856 na ndiyo ya kwanza barani Afrika, na njiani utaona mashamba ya delta, vitu ambavyo barabara ya jangwani haina. Iskandaria kuna stesheni mbili, Sidi Gaber kwanza, kisha Mahattat Misr. Shukeni ya pili.

Saa zenu msizisahau. Majira ya baridi Misri iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba saa zinalingana.

Siku yenyewe inapangwaje?

Tunaanza na makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el-Shoqafa mapema, kabla mabasi makubwa hayajafika. Tunapita kwenye nguzo kubwa iliyo jirani, inayoitwa ya Pompey, halafu Kom el-Dikka. Adhuhuri tunakuwa Bahari, mtaa wa wavuvi, kwa ajili ya sala na chakula. Jina la mtaa huwafurahisha wengi, ila kwa Wamisri neno hilo lina maana pia ya kaskazini, kwa kuwa kwao bahari iko kaskazini. Baadaye ngome ya Qaitbay, na mwisho maktaba, au mkahawani kwenye Kornishi na glasi ya chai mkiliangalia jua likizama.

Mama yangu ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Sehemu kubwa ataiweza. Tatizo ni Kom el-Shoqafa: unashuka kwa ngazi za mzunguko zinazokaribia 100, na kupanda ni zile zile. Mama akishindwa, akae juu kivulini na mtu mmoja, asilazimishwe. Ngome nayo ina ngazi, lakini uwanja wake na upepo wa bahari vinatosha kumfurahisha. Maktaba ina lifti.

Wenye miguu mizima wasikose kushuka. Mahali hapa paligunduliwa mwaka 1900 baada ya punda kutumbukia shimoni. Ni makaburi ya karne ya 2 BK, ghorofa tatu zilizochongwa kwenye mwamba, na maiti ziliteremshwa kwa kamba kupitia shimo la katikati. Kuna chumba chenye vitanda vya mawe ambamo jamaa wa marehemu walikula chakula cha ukumbusho. Vyombo vya kula hawakuvirudisha nyumbani. Walivivunja hapo hapo, ndiyo maana mahali pakaitwa Kilima cha Vigae. Ndani kabisa, mlangoni mwa kaburi kuu, utamwona Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, amevikwa mavazi ya askari wa Kirumi. Sisi tuliolelewa miji ya pwani, ambako mlango ni wa Kihindi, baraza ni ya Kiarabu na chakula ni cha kila mtu, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Nguzo ya Pompey ilijengwa na Pompey?

Hapana. Pompey alikuwa jemadari wa Kirumi, na ni wasafiri wa Ulaya waliokosea. Ilisimamishwa karibu mwaka 300 BK kwa heshima ya Diocletian, mfalme wa Kirumi. Ina urefu wa mita 27 hivi pamoja na msingi na kichwa, na mwili wake ni jiwe moja la granaiti nyekundu lililoletwa kwa Mto Nile kutoka Aswan. Hapo palikuwa na hekalu la mungu Serapis lililobomolewa mwaka 391. Nusu saa inatosha.

Ule mnara wa taa wa maajabu saba ya dunia ya kale uko wapi?

Haupo, ila utasimama mahali pake. Ulijengwa karibu mwaka 280 KK kwenye kisiwa cha Pharos, ukipita mita 100 kwenda juu. Matetemeko yaliudhoofisha, na yale ya 1303 na 1323 yakaumaliza. Sultani Qaitbay akajenga ngome juu ya msingi wake kati ya 1477 na 1479, na baadhi ya mawe inaaminika ni ya mnara wenyewe. Mengine yako chini ya maji nje ya ukuta, ambako wazamiaji walianza kuyachora na kuyapima mwaka 1994.

Mtu wa Mombasa huifananisha mara moja na Ngome ya Yesu. Kweli zinafanana kwa kazi, ila hii ina umri zaidi wa miaka 100 na waliojenga ni Wamameluki, watawala wa Misri wa wakati huo, wakiwahofia Waturuki. Panda juu utazame maji. Baharia atatambua jambo ambalo Mmisri hamwambii: maji hayapwi. Bahari ya Mediterania hapa hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo tu, hakuna bamvua, hakuna ufuko unaotembea nusu kilomita ukitafuta pweza. Mashua zimefungwa pale pale asubuhi na jioni.

Sisi ni kikundi cha msikiti. Kuna nini cha kuzuru?

Msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi, hapo hapo Bahari. Mwenyewe alitoka Murcia, Andalusia, akawa khalifa wa Sheikh Abu al-Hasan al-Shadhili, na alifariki Iskandaria karne ya 13. Wafuasi wa tarika ya Shadhiliya wa Komoro, Unguja na Kilwa wanaifahamu silsila hiyo vizuri kuliko mimi. Jengo la sasa ni la karne ya 20 na mchoraji wake ni Mwitalia, Mario Rossi.

Ng'ambo ya uwanja kuna msikiti mdogo ambao mabasi mengi hayausimamii, na mimi sijawahi kumruhusu Mswahili aupite. Amezikwa humo Imamu al-Busiri, mtunzi wa Burda, kasida ya kumsifu Mtume. Beti zake zimeandikwa kutani. Wale waliokua Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja wakisikia Burdai ikisomwa majumbani na madrasani, wakiingia humo husoma wenyewe bila kuombwa. Na Hamziya, kasida yake nyingine, ilitiwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi wa Pate zaidi ya karne mbili zilizopita, ikawa miongoni mwa tenzi kongwe tulizonazo. Kikundi kimoja cha akina mama kilisimama mlangoni kikaanza "Maulaya salli wa sallim", na mzee mtunza viatu akaacha kazi yake akaitikia nao.

Ijumaa misikiti hujaa, kwa hiyo ziara ifanyike kabla au baada ya sala.

Na sisi Wakristo?

Kwa mapokeo ya Wakopti, Marko Mwinjili ndiye aliyeleta Injili katika mji huu na akauawa hapa. Kanisa kuu la Kikopti lenye jina lake liko katikati ya mji. Waorthodoksi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo wana sababu nyingine ya kuja: askofu mkuu wao ni Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote, na kiti chake ni mji huu. Toeni taarifa mapema, makanisa yana ulinzi na pasipoti huulizwa mlangoni.

Maktaba tunayoiona ndiyo ile ya kale?

Siyo. Hii ilizinduliwa Oktoba 2002, karibu na inapodhaniwa ya kale ilikuwa. Imechorwa na kampuni ya Norway iitwayo Snøhetta, kama sahani kubwa iliyoinamia bahari, na ukuta wake wa nje wa granaiti ya Aswan umechongwa herufi za maandishi ya kama lugha 120. Ukumbi wa kusomea umeshuka kwa viwango 11 na unakaa watu 2,000 hivi. Ingieni kwa sauti ya chini, mtawakuta wanafunzi wa chuo kikuu wanajiandaa kwa mitihani.

Nani aliyeichoma ile ya zamani? Nimesikia ni Khalifa Umar.

Hadithi hiyo inaonekana kwenye maandishi kama miaka 600 baada ya Waarabu kuingia Misri, na wanahistoria wengi hawaikubali. Maktaba haikufa siku moja. Moto wa vita vya Julius Caesar, jemadari wa Kirumi, mwaka 48 KK uliharibu vitabu, mtaa wa kifalme ukabomolewa katika vita vya karne ya 3, na tawi lililokuwa kwenye hekalu la Serapis likaondoka na hekalu mwaka 391. Mwongozaji akikusimulia ya Umar kama jambo la hakika, muulize kwa heshima kayatoa wapi.

Mji huu unahusiana na sisi kwa lolote?

Katika karne ya 2 BK aliishi hapa Klaudio Ptolemayo, mwanajiografia. Hakufika kwetu, ila aliwasikiliza mabaharia na kuandika walichomweleza. Ndani ya kitabu chake imo Rhapta, bandari ya Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, ambayo wataalamu wengi huiweka mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania. Zimo pia habari za maziwa yanayoulisha Nile. Kabla yake Eratosthenes, mkuu wa maktaba, alilinganisha kivuli cha mchana cha Aswan na cha hapa akakadiria mzingo wa dunia.

Na maji ya kunywa ya mji huu yanatoka tawi la Rashid la Nile kwa mifereji, mmoja wao ukiwa Mahmudiya, uliochimbwa kati ya 1817 na 1820. Watu wa Mwanza, Kisumu na Jinja wakiambiwa hivyo huitazama glasi mara mbili.

Wengine kati yenu mnaweza pia kukutana na wenyeji wa Kongo, Burundi na Rwanda mitaani. Chuo Kikuu cha Senghor, kinachofundisha kwa Kifaransa, kiko mkoa huu.

Tutakula nini?

Samaki. Usimwachie mtu akupeleke kwenye kuku wa kukaanga ukiwa Iskandaria.

Katika mikahawa ya Bahari na Anfushi huletewi orodha kwanza. Unakwenda kwenye barafu, unachagua samaki wako, wanampima kwa kilo, unasema apikweje. Mwambie "mashwi bir-radda" ukitaka apakwe pumba za ngano na kuchomwa mpaka ngozi iwe nyeusi. Usiogope, ngozi inabaki sahani. "Singari" ni aliyepasuliwa na kuwekwa nyanya, vitunguu na pilipili hoho juu, akaingizwa tanurini. Wali wake huitwa sayadiya, wa kahawia kwa vitunguu vilivyoungua vizuri, na Mswahili hukubali haraka. Kabla ya kupima, uliza bei ya kilo na ujue ni ya samaki mbichi au pamoja na kumpika. Malalamiko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu chakula yametokana na kutouliza hilo.

Asiyekula samaki apate kibda iskandarani, maini ya kukaanga kwa kitunguu saumu na pilipili ndani ya mkate. Pilipili yake ni ya kweli.

Sijui Kiarabu. Nitapotea?

Unajua zaidi ya unavyodhani. Samaki ni samak, sukari ni sukkar, chai ni shay, bahari ni bahr. Herufi ya jim Wamisri huitamka "ga", basi jamali ni gamal. Daladala za hapa huitwa mashruu. Teksi ni za rangi nyeusi na njano, nazo mpatane bei kabla hamjaketi.

Tuje miezi gani?

Machi hadi Mei, au Septemba hadi mwanzo wa Novemba. Julai na Agosti Wamisri wote wenye nafasi hukimbilia hapa na ufuko hauonekani kwa miavuli. Majira ya baridi kuna dhoruba ambazo wenyeji huziita nawa, na kila moja ina jina na wakati wake, kama watu wetu wanavyozijua kaskazi na kusi. Nawa ya Maknasa, yaani mfagio, huja Novemba. Mwaka mmoja nilipuuza onyo la mvuvi nikaleta kikundi cha watu 14. Mawimbi yaliruka ukuta wa Kornishi yakatulowesha ndani ya basi kupitia madirisha, na ngome ilikuwa imefungwa. Tangu hapo nawasikiliza wavuvi.

Ramadhani inawezekana, ila maeneo hufungwa mapema.

Pesa na bakhshishi?

Maeneo mengi ya serikali siku hizi hupokea kadi ya benki tu kwa tiketi za wageni, kwa hiyo kila kikundi kiwe na angalau kadi mbili zinazofanya kazi. Mwanafunzi mwenye kitambulisho halali hulipa nusu. Noti ndogo za pauni ya Misri ni za teksi, chai na bakhshishi. Mpe mtunza viatu na mbeba mizigo, kwa moyo. Mlinzi anayekuita pembeni ili uvuke kamba upige picha, usimpe wala usivuke.

Picha?

Kwa simu, karibu kila mahali. Usiwaelekezee kamera askari, bandari wala meli za kivita. Ngome ya Qaitbay iko jirani na eneo la wanamaji. Droni usiilete Misri kabisa, itakamatwa uwanja wa ndege.

Kaburi la Kleopatra litafunguliwa lini?

Halijapatikana. Anayekuuzia tiketi yake anakudanganya.

Nibebe nini?

Pasipoti yenye viza, kadi ya benki, viatu vya kutembea visivyoteleza, soksi za ziada kwa misikiti, na maji. Akina mama na dada, kanga au mtandio mmoja unatosha kwa kila mahali tutakapoingia. Koti jepesi hata Mei: upepo wa Kornishi baada ya magharibi si wa Dar es Salaam, na treni ya kurudi huwa na kiyoyozi kikali.